Dada Maana Yake Kifua



Simu ililia saa saba za usiku. Hapa Malava saa kama hizo hapasikiki kitu ila matrekta ya miwa yakipita barabara iendayo Webuye, na mbwa wa jirani asiyejua kunyamaza. Kule Kelantan, nchini Malaysia, kulikuwa kunapambazuka, kwani wenzetu wametutangulia kwa saa tano. Aliyepiga ni mkwe wetu, mama wa mume wa binti yetu. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukipeana naye salamu ya Kiislamu, tukicheka, tukionyeshana mjukuu kwenye kioo cha simu, kisha kila mmoja akimkabidhi simu mwenye kuweza kusema. Usiku ule mwenye kuweza kusema hakuwapo. Mkwe alikuwa akilia, na katika maneno yake yote tuliambulia moja tu, alilolirudia mara tatu au nne: "sakit dada, sakit dada."

Dada tulimfahamu. Nani asiyemfahamu dada? Tukadhani binti yetu mkubwa, dada wa yule aliyeko Malaysia, amefikwa na jambo huko Mombasa na habari imetangulia kufika ng'ambo kabla ya kutufikia sisi. Tukaikata simu ya mkwe tukampigia wa Mombasa. Hakupokea. Tukampigia mumewe, tukaamsha majirani zake wawili, na ilipoadhiniwa alfajiri tukaambiwa amelala salama na watoto wake. Kumbe kwa Kimalei dada ni kifua. Binti yetu mdogo alikuwa hospitalini kwa kichomi, pumzi haimtoshi hata ya kusema, mumewe yuko kazini jimbo jingine, na mkwe alikuwa akituuliza swali ambalo mama mzazi peke yake ndiye mwenye jawabu lake: je, kuna dawa inayomdhuru? Ipo. Alipokuwa na miaka saba sindano ya penisilini ilimvimbisha uso hata macho yakafumba. Alhamdulillahi, mume alifika, akatuuliza kwa Kiingereza, na dawa ile haikutumiwa. Lakini saa zile tulizozipoteza tukimwamsha mtu asiyeumwa, hadi leo hatujajisamehe.

Ndivyo tulivyoanza kujifunza Kimalei tukiwa na umri wa miaka 57.

Lugha ya ukubwani haikuwa ngeni kwetu kabisa. Tulipoletwa Malava kutoka Mombasa tukiwa wari, hatukujua neno la Kikabras zaidi ya "mulembe", na hilo nalo tulilitamka kiasi cha kuwachekesha akina mama sokoni. Lakini msichana wa miaka 20 huingiwa na lugha bila ya kuikaribisha. Mtu wa miaka 57 hulala na maneno kumi akaamka na matatu, na katika hayo matatu moja si sahihi. Tulinunua daftari la shule. Mume wetu alicheka, akasema tumerudi darasa la kwanza. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema, akaanza kutuuliza maneno kila baada ya Isha.

Wako waliotwambia kwamba elimu ni ya utotoni. Tuliwakumbusha Zayd bin Thabit, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeamrishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu katika muda usiotimia mwezi. Wakajibu kuwa Zayd alikuwa kijana, na kweli alikuwa kijana. Basi tukawatolea Imam Bukhari, ambaye katika kitabu chake cha elimu alitaja kuwa masahaba wa Mtume walijifunza hali wameshakuwa watu wazima. Hapo mjadala ulikwisha, ingawa ugumu haukupungua.

Jambo la kwanza lililotutia moyo ni kwamba nusu ya nyumba tuliikuta imekwisha kujengwa. Wamalei nao walisoma kwa Mwarabu kama tulivyosoma sisi. Dunia kwao ni dunia. Akili ni akal, umri ni umur, habari ni khabar, msafiri ni musafir, na subira ni sabar. Mwenye kujua Kiswahili na akawa na chuo cha utotoni hakosi maneno mengi ya kuanzia. Na tena watu wale si wageni wa bahari yetu. Lugha ya Madagaska ni ndugu wa lugha za Borneo, ililetwa na mabaharia waliovuka bahari hii zamani sana, na ngalawa zetu zenye mirengu miwili zinafanana mno na zile za visiwa vya Indonesia.

Jambo la pili ni hatari iliyofichwa ndani ya lile la kwanza. Neno likifanana na lako hulishuku. Hari kwao ni siku. Mata ni macho. Api ni moto. Kakak ni dada mkubwa, basi mtu akimwita kakaye amemgeuza mwanamke. Mwaka wa kwanza, siku za mwanzo za Mfungo Tatu, mkwe alitutumia ujumbe wa sauti uliokuwa na maneno "jangan potong kuku". Jangan tulilijua: usifanye. Potong tulilijua: kata. Na kuku, ewe msomaji, uliza watu wa Kakamega kama kuna asiyemjua kuku! Wageni walikuwa njiani na jogoo alikwisha kufungwa miguu. Tukasimama na kisu tukijiuliza ni fat'wa gani hii. Kuku kwa Kimalei ni kucha. Mkwe alikuwa akitukumbusha tu kwamba mwenye nia ya kuchinja asikate kucha mpaka Idi ipite. Jogoo aliliwa siku hiyohiyo.

Kisha maandishi. Mkwe wetu huandika Kimalei kwa herufi za Kiarabu, mwandiko uitwao Jawi, ambao huko Kelantan bado unaonekana hata kwenye vibao vya barabarani. Ni mwandiko wa kale. Jiwe la Terengganu, jimbo jirani, lilichongwa kwa Jawi katika karne ya 14. Wamalei walipokosa katika alfabeti ya Kiarabu sauti za p, ch, g, ng na ny, waliongeza nukta, shida ileile waliyoipata mashekhe wetu wa Mombasa na Lamu walipoandika tenzi. Macho yetu yaliyochoka kwa herufi ndogo za Kizungu yalipumzika kwenye Jawi. Tulianza kusoma kutoka kulia, kama tulivyofundishwa na bibi yetu juu ya mkeka, na siku hiyo kwa mara ya kwanza tulihisi kwamba umri wetu umetusaidia badala ya kutuzuia.

Furaha haikudumu, maana Kimalei cha kitabuni si Kimalei cha Kelantan. Kitabu husema makan, kula, naye mkwe husema "make". Kitabu husema ayam, kuku, naye husema "aye". Tulitaka kulalamika, kisha tukajiuliza: mgeni aliyejifunza Kiswahili cha redioni akiletwa Mvita, atafahamu nini?

Haya yote, hata hivyo, yalikuwa mazoezi. Mtihani ulikuja mwaka jana, binti yetu alipojifungua mara ya pili. Wamalei wana arobaini kama sisi, huiita pantang. Mzazi hukandwa, huwekewa tumboni jiwe lililopashwa moto na kufungwa kitambaani, na hukatazwa vyakula vya ubaridi. Tuliposimuliwa, tuliona ni uzazi wa kwetu tu, ila wao wana jiwe na sisi tuna maji ya moto na uji wa pilipili manga. Kila jioni tulimpigia binti, naye kila jioni alisema yu mzima, mtoto mzima, kila kitu ni kizuri. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Tulipoongea na mkwe, mkalimani alikuwa ni huyohuyo binti. Tulimwuliza mkwe hali yake, na jawabu alilitafsiri yeye. Wapi umeona mgonjwa akatafsiri ugonjwa wake mwenyewe pasipo kuupunguza?

Siku ya 18 tulingoja hadi saa ambayo tulijua binti amelala, tukampigia mkwe peke yake. Mkono ulitetemeka. Daftari lilikuwa magotini. Tulisema maneno mawili tuliyokuwa tumeyafanyia mazoezi kutwa nzima: "Dia menangis?" Analia?

Mkwe alinyamaza. Kisha akasema polepole, kama anayemlisha mtoto: "Tiap male." Kitabuni ni malam. Lakini sikio lililokwisha kuzoea make na aye halikukosea. Kila usiku.

Tuliongea kwa muda wa robo saa, kwa maneno yasiyozidi arobaini, mengine tukiyarudia, mengine tukiyaonyesha kwa mikono. Tulimwambia kwamba mwanetu huficha tangu utotoni. Naye akatwambia kwamba hali vizuri, kwamba humtazama mtoto bila ya kumshika. Tukakubaliana apelekwe kwa daktari, na aletewe rafiki yake mmoja wa chuoni, Mkenya mwenzake, akae naye ili aseme Kiswahili anapotaka kulia. Alipelekwa wiki ileile. Leo ni mzima, na huu si uzima wa kutafsiriwa.

Kimalei kina "sisi" mbili. Kami ni sisi pasipo wewe tunayesema nawe, na kita ni sisi pamoja nawe. Ndiyo maana Wamalei wanapoomba dua husema kami, kwa kuwa Mwenyezi Mungu anayeombwa hahesabiwi miongoni mwa waja. Miaka yote ile mkwe alipomtaja binti yetu alisema mkamwana wa kami. Usiku ule wa siku ya 18, kabla hajakata simu, tulimsikia akifungua mlango wa chumba, akichungulia, akaurudisha taratibu. Kisha akatunong'oneza kwamba amelala, na alipomtaja alisema "anak kita."

Tuliliandika daftarini, kwa Jawi.