Damu Isiyokoma Baada ya Mimba

Sisi walimu wa madrasa wa Kasulu na Kibondo twaulizwa mara kwa mara: damu ya nifasi mwisho wake lini? Jibu la madhehebu ya Shafi ni jepesi. Kwa kawaida ni siku 40, na upeo wake siku 60. Lakini jibu hili latengeneza ibada tu. Halielezi damu yatoka wapi, wala halimwamuru mgonjwa angoje siku 60 ndipo aende hospitali.

Yako maradhi adimu yapasayo kujulikana katika kila nyumba. Mimba nyingine haifanyi mtoto. Kondo hukua ovyo likawa kama kishada cha zabibu, nayo huitwa mimba zabibu. Nyingi zikisafishwa hospitali huisha. Chache huendelea kukua, na mara chache zaidi hutokea saratani iitwayo koriokasinoma. Saratani hii yaweza pia kufuata mimba iliyoharibika, au hata uzazi salama, baada ya miezi au miaka.

Ubaya wake ni kujificha. Husafiri katika damu hadi mapafuni, mgonjwa akakohoa damu. Watu wakasema ni kifua kikuu. Hufika ubongoni, akaumwa kichwa na kuanguka. Watu wakasema ni pepo. Tena hutoa homoni ile ile ya mimba, basi kipimo cha mkojo chaonyesha kuwa ana mimba. Hapo ndipo fitina huingia: mume yuko Ziwa Tanganyika akivua miezi mingi, na ulimi wa jirani wamzulia mke zinaa. Sura ya Nuri imeweka mashahidi wanne kwa tuhuma hiyo, na adhabu kwa asiyewaleta. Kipimo cha mkojo si shahidi hata mmoja.

Bali kipimo hicho hicho, ambacho bei yake ni ndogo, ndicho mlango wa kupona. Mwanamke wa umri wa kuzaa akitokwa na damu isiyojulikana sababu, au akikohoa damu, na apimwe mimba, kisha tumbo litazamwe kwa ultrasaundi na kifua kwa eksirei. Daktari huutambua ugonjwa kwa kiasi cha homoni katika damu; mara nyingi hahitaji kukata kinyama, kwani vivimbe vyake vikikatwa huweza kububujika damu.

Na dawa ipo. Mwaka 1956, huko Marekani, Min Chiu Li, Roy Hertz na mwenzao walitangaza kuwa methotreksati yaiondoa saratani hii hata ikiwa imekwisha kutapakaa. Leo, penye dawa na vipimo, karibu wote wanaowahi hupona, na wengi huzaa tena bila kutolewa kizazi. Hapa nchini saratani hutibiwa Bugando, Mwanza, na katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Basi enyi waume, mke aliyesafishwa mimba zabibu arudi kupimwa homoni kwa miezi yote atakayoagizwa, wala asishike mimba kabla ya ruhusa ya daktari, kwani mimba mpya huficha dalili. Njia ya Mwanza ni ndefu na nauli ni nzito. Kuichangia ni sadaka. Mwanamke ahesabuye siku zake kwa ajili ya sala ndiye wa kwanza kujua kuwa hesabu imeharibika. Akisema, na asikizwe siku hiyo hiyo.