Kuriseti si Kutengeneza, Wacheni Kulipia Gari Isahau

Kuna biashara moja hapa Nairobi inanikera vibaya. Taa ya injini inawaka kwa dashibodi, unakimbia gereji, fundi anatoa waya ya betri, anapiga stori kidogo, anairudisha. Taa imezima. "Imeisha hiyo, boss." Unatoa thao moja na unaenda zako ukiwa na raha. Siku ya nne taa imerudi, na fundi yule yule anakupokea kama mteja mpya.

Wasee, hapo hakuna kitu kimetengenezwa. Mmelipa mtu afute ushahidi.

Karibu kila gari ndogo ya petroli inayotoka Japan, Vitz, Probox, Demio, inatumia EFI. Kabureta hakuna. Kompyuta ndiyo inaamua injekta ifunguke kwa muda gani, na inaamua kwa kusikiliza sensa: hewa inayoingia, joto la injini, oksijeni iliyobaki kwa moshi. Kitu kikienda mrama, inaandika namba ya kosa, halafu inawasha taa. Taa ni kengele tu, ujumbe uko kwa namba. Ukikata betri, kwa gari nyingi namba inapotea, pamoja na yale kompyuta ilikuwa imejifunza kuhusu hiyo injini yako. Ndio maana wengine wakitoka gereji gari inatetemeka kwa jam kuliko ilivyoingia.

Anko wangu anabeba mboga na Probox. Taa yake ilikuwa inapepesa, si kuwaka tu, na kupepesa kunamaanisha petroli inatoka kwa silinda bila kuchomeka na inaenda kuunguza masega kwa ekzosi. Fundi wake alimriseti mara tatu. Mara tatu! Nikachomeka kile kidude cha Bluetooth kwa soketi ya chini ya usukani, simu ikasoma P0301: silinda ya kwanza haichomi vizuri. Tukabadilisha koili, ya kwanza ikaenda ya tatu na ya tatu ikaja ya kwanza, tukafuta namba, tukaendesha. Ikarudi P0303. Kosa limefuata koili, so koili ndiyo mbovu. Pesa ya riseti tatu ingenunua hiyo koili.

Umeona tulifuta namba pia? Sina shida na kuriseti. Unafuta ukishasoma na kuandika, ili uone kama kosa litarudi na litarudia wapi. Kufuta kabla ya kusoma ndio wizi.

Najua mtaniambia fundi wa mtaa hana pesa ya mashine. Bana, hicho kidude hakifikishi bei ya tanki moja la petroli. Na msiniambie ni mambo ya mainjinia, mimi niliacha chuo na naisoma.

Halafu kuna wale wako na mashine na bado wanakukamua. Wanaona P0171, wanakutuma Grogan ununue sensa ya oksijeni. P0171 inasema tu hewa ni nyingi kuliko petroli. Inaweza kuwa paipu ya hewa imepasuka, sensa ya hewa ni chafu, ama pampu ya mafuta imechoka. Namba inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Mwulize fundi amejuaje ni hiyo sensa. Akikasirika, umepata jibu.

Lakini wabaya kabisa ni wauzaji wa magari. Wanafuta asubuhi, wewe unakuja saa nane kuona gari "safi", na pesa ni ya mkopo wa sacco. Washa switchi bila kupiga stata: taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, kuna mtu ameiziba ama ametoa balbu. Kisha chomeka kidude uangalie majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe. Namba zikifutwa, majaribio hayo huanza upya, na inaweza kuchukua siku kadhaa za kuendesha kabla yaishe. Ukipata karibu yote hayajakamilika, muulize betri ilitolewa lini na kwa nini. Akikataa usichomeke kitu kwa gari yake, usitoe hata deposti.