Barabara Moja, Madereva wa Aina Mbili

Magari yanayojiendesha, yaani yale ambayo kompyuta huitazama njia kwa kamera, rada na miale ya leza kisha ikashika usukani na breki yenyewe, yameingia katika barabara zenye mapatano ya siku nyingi ambayo sehemu kubwa haikuandikwa popote: dereva humpisha mwenzake kwa kumwashia taa, na mvukaji humtazama dereva usoni kabla ya kukanyaga lami. Makala hii inashikilia kwamba katika kipindi cha mpito, ambapo binadamu na mashine wanatumia njia moja, wajibu wa kuelewa uwe wa mashine na wa wanaoimiliki, wala asitwishwe mwenda kwa miguu.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio linalojiendesha la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulibaini kwamba vihisi vilimnasa sekunde 5.6 kabla, lakini programu, ambayo haikuundwa kumtarajia mtu nje ya kivuko, ilimhesabu mara gari, mara baiskeli, ilhali msimamizi aliyekuwa ndani ya gari, aliyepaswa kuingilia kati, alikuwa akitazama simu. Mjini San Francisco, tarehe 2 Oktoba 2023, gari lililoendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke, akarushwa mbele ya gari la kampuni ya Cruise lisilo na dereva, ambalo lilimgonga, likasimama, kisha likajisogeza pembeni huku likimburuta kiasi cha mita 6. Kusogea pembeni baada ya ajali ni kanuni njema, ila dereva mwenye utu angeshuka kwanza atazame chini ya gari.

Ni kweli kwamba mashine hailewi wala haisinzii, na kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, wengi wao kwa makosa ya binadamu. Kwa hiyo kuikataa teknolojia hii moja kwa moja si busara. Hata hivyo, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ulitaka kila chombo kinachotembea kiwe na dereva, kwa sababu dereva ndiye anayeulizwa. Dereva akiondoka, swali linabaki, na sheria haina budi kumtaja wa kulijibu kabla gari halijaruhusiwa kuingia barabarani.