Thamani ya Mmea Haipimwi kwa Gunia

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi akaipita Westlands kuelekea Kabete, huukuta mtaa wa Loresho. Ni mtaa wa watu wenye nafasi, wenye malango marefu na miti ya kivuli, na mgeni hawezi kudhani kwamba una jambo lolote na mkulima wa Msambweni au wa Magarini. Lakini pale Loresho, katika barabara ya Kaptagat, ndipo yalipo makao makuu ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Shirika hili liliundwa kwa sheria ya mwaka 2013, likachukua mahali pa KARI, iliyoanzishwa mwaka 1979. Kituo cha Mtwapa, ambacho wengi wetu twakipita tukienda Kilifi au Malindi, ni tawi la mti huo huo wa Loresho. Kwa hivyo linaloamuliwa huko bara, mwisho wake hufika katika vyungu vyetu.

Hatuna nia ya kuwalaumu wataalamu. Kazi yao ni ya lazima, na faida yake yaonekana. Tunalotaka kusema ni hili: mwenye kuupima mmea kwa idadi ya magunia katika ekari moja huwa amepima sehemu tu ya thamani yake. Sehemu iliyobaki anayo mkulima, na hasa mkulima mwanamke, na kama hakuulizwa itapotea naye.

Natuchukue mfano wa muhogo. Hakuna nyumba ya Pwani isiyoujua. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, muhogo wa nazi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufikiriwa katika futari, na kisamvu chake ni kitoweo. Katika mihogo yote, wakulima wa Pwani wameshikamana kwa miaka mingi na ule uitwao Kibandameno. Wataalamu wanaujua vizuri, na wanajua ila yake: ni mwepesi kushikwa na maradhi, yale ya batobato yanayoyakunja majani na kuyatia madoa, na yale ya michirizi ya kahawia yanayouozesha mzizi chini kwa chini. Kwa hesabu ya gunia, Kibandameno kingalikuwa kimekwisha kutupwa zamani.

Lakini hakikutupwa. Kwa nini? Kwa sababu mkulima ana hesabu nyingine. Yeye hula anachopanda. Autaka muhogo mtamu, unaofaa kuchemshwa na kutiwa tui na kuandaliwa wageni. Anajua vilevile kwamba akiupeleka sokoni, mnunuzi huuliza kwanza ni muhogo gani. Kwake yeye utamu ni mali, kama vile uzito ulivyo mali kwa mtaalamu.

Kituo cha Mtwapa kimetoa mihogo mipya yenye kustahimili zaidi maradhi na yenye mazao mengi, nayo ikapewa majina ya kwetu: Tajirika, Shibe, Karembo, Siri, Karibuni, na Nzalauka, jina ambalo kwa Kimijikenda lamaanisha njaa ondoka. Majina haya yatufurahisha, maana yaonyesha kwamba mtaalamu alikumbuka anamfanyia nani kazi. Hata hivyo, jina zuri halitoshi. Mkulima ahitaji kushirikishwa tangu mwanzo, aseme ladha anayoitaka na upishi anaoujua, kabla muhogo mpya haujachaguliwa. Si kuitwa siku ya kugawa vipando apige makofi.

Jambo hili haliko katika muhogo peke yake. Utazame mnazi. Katika vitabu vya hesabu utaandikwa nazi na mbata, basi. Mwenye shamba ataeleza mengine mengi: makuti ya kuezekea, chelewa za ufagio, makumbi yanayotoa usumba wa kusokotea kamba, vifuu vya kutengenezea kata na upawa, makarara ya kuwashia moto, chicha la kuwapa kuku, na dafu la kumpa mgonjwa. Tembo tunaliacha, kwani si halali kwetu. Mnazi mmoja huwalisha mkwezi, msuka makuti na mama mwenye kuuza vitumbua. Shamba la minazi likikatwa ili pauzwe viwanja, hakuna hesabu inayoandikwa ya ufagio wala ya kamba wala ya riziki za watu hao. Huandikwa bei ya ardhi tu.

Au itazame mboga tunayoiita ya kienyeji, kama vile mchunga, mnavu, mchicha na majani ya kunde. Mboga hizi huota pembeni mwa shamba bila ya kupandwa, au hupandwa kidogo kidogo na akina mama, na kwa kuwa haziuzwi kwa gunia wengine wamezoea kuziita magugu. Lakini mvua ikichelewa, ndizo zinazoifikisha familia mwezi wa pili. Mwanamke wa shamba anajua ipi huchumwa changa, ipi huchemshwa na maji yake yakamwagwa, na ipi hutiwa nazi ili uchungu upungue. Huo nao ni utaalamu, ijapokuwa hauna cheti.

Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilitoa kitabu kikubwa kuhusu mimea ya chakula cha asili ya nchi hii. Na mwaka 2021 UNESCO iliiandika kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora. Ni heshima kubwa, lakini kitabu hakipandi mbegu. Mmea huhifadhika kwa kuliwa na kutajwa jina. Mtoto asiyejua jina la mchunga ataung'oa kama jani lisilo maana.

Mtu asiyejua thamani ya kitu chake huuziwa kwa bei ya mwingine. Mwaka 2022, katika Kilifi, mibuyu mikubwa iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Magazeti yaliripoti kuwa wenye mashamba walilipwa kati ya shilingi 100,000 na 300,000 kwa mti. Mwezi wa Novemba mwaka huo Rais aliamuru uchunguzi ufanywe juu ya vibali, na kama wananchi walipata fungu lao la haki. Hatuwalaumu waliouza. Mtu mwenye karo ya kulipa, na mti umemzuia kulima mahindi, akipewa fedha mkononi atazikubali. Lakini mbuyu huishi mamia ya miaka. Ubuyu wake, majani yake, kivuli chake na nyuki wake, nani aliyeketi akavipigia hesabu kabla mashine haijafika?

Twarudi kwenye mbegu, maana hapo ndipo penye uchungu zaidi. Tangu jadi mkulima akivuna huchagua mbegu bora akaiweka, na jirani aliyepungukiwa huja kuomba. Kupeana mbegu ni ujirani mwema kama kupeana moto na chumvi. Sheria ya mbegu iliyorekebishwa mwaka 2012 iliuingilia ujirani huo, ikaweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa wanaouza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa. Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba.

Wako watakaosema kwamba sheria ile ilikuwa na sababu. Ni kweli. Kuna wadanganyifu wanaouza mbegu bandia, na mkulima aliyepanda mbegu iliyokufa hupoteza mwaka mzima. Tena kipando cha muhogo chenye maradhi, kikitoka shamba hadi shamba kwa jina la ujirani, hueneza hasara. Lakini dawa ya mwizi si kumfunga mwenye nyumba. Mdanganyifu aandamwe, na mkulima afundishwe kukitambua kipando kigonjwa na kuchagua kilicho safi. Hapa ndipo Loresho na Mtwapa wanapoweza kufanya kazi kubwa, wakija vijijini kama walimu na pia kama wanafunzi.

Kwetu sisi Waislamu jambo hili lina uzito wa ziada. Tumefundishwa na Mtume, sala na salamu zimshukie, kwamba Mwislamu akipanda mti au mbegu, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, basi huandikiwa sadaka. Katika mafundisho hayo hapana gunia. Ndege aliyedonoa amehesabiwa, na mpita njia aliyechuma amehesabiwa. Hiyo ni hesabu pana kuliko ya soko, na inakaribiana sana na ile ya mkulima.

Basi tuwaombe wakubwa wa Loresho waiongeze hesabu hiyo katika madaftari yao: ladha, dawa, kivuli, kamba, na mbegu ya kumpa jirani. Na sisi tusiwaachie wao kazi yote. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kila mmoja amwulize bibi yake majina ya mimea iliyo uani, ayaandike, na ampe mtoto wake mbegu moja aipande.