Dandora Ni Mtungi wa Gesi Unaovuja!

Haya jamani, leo naweka mambo ya programu kando. Nimechoka! Kila baada ya miaka michache tunaahidiwa kiwanda kikubwa cha kuchoma taka za Nairobi kitupe umeme. Ahadi tunazo tele. Kinachotufikia ni moshi.

Jalala la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori bado yanamwaga.

Taka zetu nyingi za nyumbani ni maganda ya ndizi, mabaki ya ugali na sukuma wiki. Zimejaa maji. Nani huwasha jiko kwa kuni mbichi? Moto utahangaika kukausha maji kwanza ndipo utoe faida. Sisi wa programu tunalijua hili: ukiilisha tarakilishi data chafu itakutemea majibu machafu, hata kama mashine ni ya mamilioni.

Sasa sikilizeni. Taka hizo zikifukiwa pasipo hewa, vijidudu huzila na kutoa gesi, na karibu nusu yake ni methani, ile ile ya bayogesi ya mkulima. Unachimba visima, unashusha mabomba yenye matundu, unaivuta, unaendesha jenereta. Si ndoto! Durban, Afrika Kusini, walianza mwaka 2006 katika jalala la Mariannhill, kisha Bisasar Road, wakafunga mitambo ya megawati 7.5. Ikiachwa ipae, methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi ya uzito huo huo katika miaka 100.

Mtaniambia megawati 7 haziwezi kumulika Nairobi. Kweli. Mtaniambia Dandora ni jalala la wazi, lazima kwanza lisawazishwe na lifunikwe kwa udongo. Kweli pia, na hapo ndipo penye uzito. Koshe, Addis Ababa, mlima wa taka uliporomoka Machi 2017 ukaua zaidi ya watu 100. Kiteezi, Kampala, ukaporomoka Agosti 2024, watu wakafukiwa. Sisi tunangoja zamu yetu? Umeme ni nyongeza tu. Kazi ya kwanza ni kuokoa watu wanaoishi na kuokota riziki pale.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka. Mimi hutenganisha, mifuko miwili. Gari likija, yote miwili hurushwa pamoja mbele ya macho yangu! Basi nilitenganisha ya nini?

Kwa hivyo nasema: gari lenye sehemu mbili kwanza. Udongo na mabomba pale Dandora, na ajira ya kwanza iwe ya waokotaji. Kiwanda cha mabilioni kije baadaye, kama bado tutakihitaji.

Wakija tena na picha nzuri za kiwanda, waulizeni swali moja tu: mabomba yako wapi?