Mji wa Chepeo na Watu wa Kucha Nyeusi

Mreno, sisi watu wa Pwani tunamjua, na pia hatumjui. Tunamjua kwa Ngome ya Yesu pale Mombasa, aliyoanza kuijenga mwaka 1593, na kwa mizinga yake, hata Waomani walipoitwaa ngome hiyo mwaka 1698. Tunamjua pia kwa maneno aliyotuachia vinywani: meza, leso, bendera na gereza. Lipo na neno jingine ambalo wazee wanalijua zaidi ya vijana, nalo ni chepeo. Chepeo ni ile kofia ya Kizungu yenye ukingo, na Mreno mwenyewe huiita chapéu.

Lakini Mreno tunayemjua ni yule nahodha na askari. Yule aliyebaki kwao akila jasho lake, aliyezifanyiza hizo chepeo, hatukupata kumjua. Leo basi, msomaji mpendwa, na tumtembelee huyo.

Kaskazini mwa Ureno, kusini kidogo ya jiji la Porto, upo mji uitwao São João da Madeira. Usidhani kuwa ni kile kisiwa cha Madeira kilichoko baharini. Neno hilo kwa Kireno maana yake ni mbao, na mji huu uko bara. Ni mji mdogo mno. Wilaya yake nzima haifiki kilomita 8 za mraba, na hakuna nyingine ndogo kama hiyo katika Ureno yote. Kisiwa chetu cha Mombasa ni kikubwa kuliko mji huo. Wakazi wake ni kiasi cha watu 22,000. Ulijitenga na kuwa na baraza lake mwaka 1926, ukapewa daraja ya mji kamili mwaka 1984. Hata hivyo, kwa viwanda ni mji uliowashinda wakubwa wake.

Kazi iliyoulea mji huo ni ya chepeo, nayo ilishamiri tangu karne ya 19. Chepeo hizo hazishonwi kwa kitambaa cha dukani, bali hufanywa kwa manyoya ya sungura. Manyoya husafishwa, yakapeperushwa hata yakajishika katika umbo la pia kubwa. Kisha hutiwa katika maji ya moto yenye tindikali, yakafinywa na kusuguliwa mpaka yanywee na kushikana yawe kitu kimoja kizito. Ndipo hutiwa rangi, yakavikwa kalibu ya mti na kupigwa pasi. Mwisho wanawake hushona bitana na utepe.

Kazi ya maji ya moto ndiyo iliyokuwa adhabu. Mafundi walisimama katika mvuke, mikono yao ndani ya tindikali, na kucha zao zikaiva zikawa nyeusi. Weusi huo haukutoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Basi watu wakawapa jina la “unhas negras”, yaani kucha nyeusi. Fundi wa chepeo alijulikana popote aendapo, hata akivaa nguo zake za sikukuu, kwani mikono haifichiki. Zaidi ya hayo, katika ufundi huu Ulaya ilitumia zebaki kwa miaka mingi kuyatayarisha manyoya, na zebaki ni sumu iliyowatetemesha watu viungo na kuwavuruga akili. Bwana aliyeivua chepeo yake kwa adabu mlangoni hakuyajua hayo.

Kisha dunia ikageuka. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wanaume wa Ulaya waliacha kuvaa chepeo, na viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Kilichokuwa kikubwa, kilichoanzishwa mwaka 1914, kilifunga milango yake mwaka 1995. Kwa mji mdogo kama huo, hayo yalitosha kuwa msiba.

Ila mji huo haukuwa umeegemea nguzo moja. Kiwanda hicho hicho cha chepeo ndicho kilichoanza mnamo 1933 kufanya viatu vya turubai na mpira vilivyoitwa Sanjo, na viatu vya ngozi vikawa kazi kubwa ya mji. Kiwanda cha Oliva, cha mwaka 1925, kilifanya vyerehani tangu 1948. Kiwanda cha penseli cha Viarco kilihamia huko mwaka 1941. Na ufundi wa manyoya wenyewe haukufa. Kampuni ya Fepsa, iliyoanzishwa mwaka 1969, huyafanya yale mapia ya manyoya na kuwauzia watengenezaji wa chepeo wa nchi mbalimbali.

Lililotufanya tuuandike mji huu, hata hivyo, ni jambo jingine. Mwaka 2005 kile kiwanda kikubwa kilichofungwa kilifunguliwa tena, safari hii kikiwa makumbusho ya chepeo. Mashine zilisafishwa, na kazi za mafundi zikaelezwa hatua kwa hatua. Na lile jina la kucha nyeusi, lililokuwa la dharau, mji umelichukua kuwa jina la heshima. Tangu mwaka 2012 wageni huongozwa hata ndani ya viwanda vinavyofanya kazi, wakawaona mafundi wakiwa kazini.

Hapa pana funzo kwetu. Ngome ya Yesu nayo ni makumbusho. Jina la Mwitalia aliyeichora ramani yake, Cairati, twalijua. Majina ya waliobeba mawe yake hatuyajui. Ndivyo ilivyo desturi ya dunia, aliyeamuru huandikwa na aliyetenda husahauliwa. Watu wa São João da Madeira wameivunja desturi hiyo, nao hawakuhitaji mji mkubwa wala utajiri wa kifalme.

Sisi nasi tunao mafundi wetu: waunda majahazi, wachonga milango, na akina mama na vijana wa Lamu wanaodarizi kofia tundu kwa tundu mpaka macho yakauma. Kofia hizo tunazivaa Ijumaa na Idi, na bei yake tunaipigania sana dukani. Ni wangapi kati yetu waliopata kuuliza imeshonwa na nani, kwa siku ngapi, na yeye amebakiwa na nini?

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Tumezoea kuvitazama vinavyoelea. Wakati umefika wa kuitazama mikono ya aliyeunda, ingali hai, kabla ya kuitafutia makumbusho.