Kilembwe Tuko Wangapi, na Tunasema Lugha Gani?

Ukitaka habari za mji wa kadiri ulio pembezoni mwa jiji la Marekani, huhitaji kufunga safari. Eneo lake limepimwa, nchi kavu na maji. Wakazi wake huhesabiwa kila baada ya miaka 10, kwani sensa ya huko haijakatika tangu 1790. Tena kila mwaka idara yao ya sensa huchagua baadhi ya kaya na kuziuliza: nyumbani mnasema lugha gani?

Sasa njoo Kilembwe, makao makuu ya sekta ya Lulenge, katika milima ya Fizi. Tuko wangapi? Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanywa 1984. Mimi nina miaka 24. Sijahesabiwa hata mara moja. Hesabu tunazotegemea ni za zoni ya afya, zinazokusanywa kwa ajili ya chanjo na vyandarua. Chandarua hakiulizi lugha.

Basi Mbembe aliyepitia kambi ya Nyarugusu hadi Marekani anaweza kuulizwa lugha yake, na jibu likaandikwa. Nduguye aliyebaki Kilembwe hana wa kumuuliza. Katiba yetu ya 2006 inaitaka Serikali ilinde lugha za nchi kama urithi. Utalindaje mali usiyoijua idadi wala mahali ilipo?

Wapo watakaosema kwamba kwetu kuuliza lugha ni kuuliza kabila, na kabila limemwaga damu. Siidharau hoja hiyo. Fizi vijiji vimechomwa kwa ugomvi wa nani mwenyeji, nani mgeni. Lakini kunyamaza hakujatuponya: pasipo hesabu, kila upande hujitangazia wingi wake. Tena kosa liko katika kumlazimisha mtu achague lugha moja. Sokoni Kilembwe utamkuta mtu anayesema Kibembe na mama yake, Kifuliiru na mkwewe, Kiswahili na mteja. Aandikiwe zote tatu.

Wanafunzi wenzangu, tusingoje Kinshasa. Likizo ijayo, kila mmoja wetu aende kijijini kwao, amwone chifu kwanza, kisha aulize kaya 20: nani anasema nini, na nani? Jina asiandike, kabila asiandike. Haitakuwa sensa, lakini mwalimu wa darasa la kwanza atajua watoto wanaingia na lugha zipi, na nesi atajua tangazo la chanjo lisomwe kwa lugha gani.